Taji la Miwa na Pesa za Marefa

Mwaka 2006 Ligi Kuu ya Kenya ilichukuliwa na timu ya kiwanda cha sukari kutoka Awendo. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi, walikuwa wamelibeba kombe miaka mitatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005. Mwaka 2007 likaenda kwa Tusker, timu ya kampuni ya bia. Kati ya jeshi na bia likaandikwa jina la SonySugar, na tangu ligi hiyo ianze mwaka 1963 hakuna timu nyingine yenye makao yake Migori wala Homa Bay iliyolifikia taji hilo. Mwaka 2026 linatimiza miaka 20.

Wengi watalikumbuka taji hilo kwa mabao. Mimi nataka kulikumbuka kwa fedha, kwa sababu fedha ndizo zilizoijenga SonySugar na ndizo zilizoitoa uwanjani. Tena nataka kuwaingiza katika historia hii watu ambao hawapigwi picha na kombe na hawatajwi katika hotuba za sherehe: marefa na washika vibendera. Ukifuata njia ya shilingi katika kandanda ya Nyanza Kusini, kutoka ghala la kiwanda hadi mfukoni mwa mwenye filimbi, utaona kwamba malipo madogo kuliko yote ndiyo yaliyodumu kuliko yote. Tena ndiyo yaliyopangwa vibaya kuliko yote.

Kiwanda kilitangulia timu. Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini iliandikishwa mwaka 1976, serikali ikiwa na karibu hisa zote, na kiwanda kikaanza kusaga miwa mwaka 1979. Jina Sony limetokana na vipande viwili vya Kiingereza vyenye maana ya Nyanza Kusini. Wakati huo Migori haikuwa wilaya. Ilimegwa kutoka Nyanza Kusini mwaka 1992. Awendo ilikuwa soko dogo la Wasakwa kando ya barabara iendayo Migori, na hata posta yake ikaitwa Sare, jina ambalo bado limo katika anwani ya kampuni. Zaidi ya kilomita 20 kusini, katika nchi ya Wasuna, ulikuwepo mji wa Migori, ambao wenyeji wengi waliujua kwa jina la Suna tu.

Kiwanda kiligeuza mambo. Matrekta ya miwa yakajaa barabarani, wakulima wa nje ya shamba kuu wakaanza kungoja malipo ya mavuno badala ya kuuza mahindi debe kwa debe, na kukawa na mishahara ya kila mwezi mahali ambapo mshahara ulikuwa habari ya mwalimu na chifu. Timu ya mpira ilizaliwa ndani ya mfumo huo. Haikuwa ya Awendo peke yake. Karibu kila shirika kubwa la Kenya lilikuwa na timu: bandari Mombasa, posta, reli, na viwanda vya sukari karibu vyote, Mumias, Chemelil, Nzoia. Katika timu za namna hiyo mchezaji alikuwa mara nyingi mwajiriwa pia, na mtu aliyestaafu kucheza aliweza kubaki kazini. Kwa kijana wa kijijini hiyo ilikuwa ajira yenye nyumba na daktari, na mpira ndio uliompitisha mlangoni.

Hapo ndipo penye nguvu ya SonySugar, na ndipo palipokuwa na udhaifu wake. Timu ya shirika haihesabu gharama zake kama chama cha wanachama kinavyohesabu. Basi ni la kampuni, mafuta ni ya kampuni, mshahara wa kipa umo katika orodha moja na wa fundi wa mitambo. Hakuna mwanachama anayelipa ada, kwa hiyo hakuna mwanachama anayesimama kwenye mkutano mkuu kumuuliza mweka hazina swali. Mambo yakiwa mazuri kiwandani, mpira unakula. Kiwanda kikikosa, hakuna kikapu kingine cha kutazama.

Gor Mahia, klabu inayopendwa kuliko zote katika kaunti za Migori na Homa Bay, ilijengwa kwa namna nyingine kabisa. Jina lake limetoka Kanyamwa, Ndhiwa, kwa mganga mashuhuri wa huko, lakini tangu mwaka 1968 makao yake ni Nairobi na uti wa mgongo wake ni mashabiki. Imepita katika njaa nyingi na viongozi wengi, na kila mara mashabiki wamechangishana ikasimama. SonySugar ilikuwa na wapenzi, na waliipenda kwa dhati, lakini haikuwahi kuwahitaji ili iishi. Nadhani hilo ndilo lililoigharimu mwishowe.

Mwaka wenyewe wa ushindi haukuwa wa raha katika kandanda ya Kenya. Miaka mitatu nyuma, 2003, vilabu vikubwa vilikuwa vimeasi shirikisho la wakati huo, KFF, na kutokana na uasi huo ikazaliwa kampuni ya ligi iliyomilikiwa na vilabu vyenyewe, KPL. Mzozo haukuisha. Oktoba 2006 FIFA iliifungia Kenya, na kifungo hakikuondolewa hadi Machi 2007. Katikati ya vurugu hizo za maofisini, timu kutoka mashamba ya miwa ilifanya kazi yake. Siamini ilikuwa bahati. Vilabu vya Nairobi vilikuwa vikigombania uongozi na kuhangaikia nauli, na pale Awendo mshahara ulikuwa ukifika.

Kisha zikaja fedha za aina nyingine. SuperSport ya Afrika Kusini ilinunua haki za kurusha mechi, na KPL ikaweza kuvipa vilabu ruzuku. Wafadhili wa jina la ligi wakafuatana, bia kwanza, kisha kampuni ya kamari, SportPesa, kuanzia 2015. Kwa marefa wa daraja la juu kipindi hicho kilikuwa na tofauti kubwa: malipo yao yalitoka katika ofisi ya ligi. Refa aliyepanda basi kutoka Nairobi kwenda Awendo Ijumaa usiku hakuhitaji kumtazama meneja wa timu usoni na kumwuliza pesa iko wapi.

Lakini huku chini, katika ligi za kaunti na madaraja ya chini, mambo hayakubadilika. Utaratibu unajulikana na kila aliyewahi kusimamia timu ya kijiji. Kabla mpira haujaanza, pesa za marefa lazima ziwepo. Katika ligi nyingine mwenyeji ndiye anayelipa, katika nyingine timu mbili zinagawana. Asiyelipa hachezi. Meneja anazunguka na daftari, huyu anatoa hamsini, yule mia, mwenye duka la M-Pesa jirani na uwanja anaombwa akopeshe, na waamuzi wanangoja kando wakiwa wameshavaa. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa Machi 2007, pesa zilianza kufika kwa simu badala ya kukunjwa mkononi. Ulikuwa msaada mkubwa, kwa maana malipo yaliacha alama. Anayelipa hakubadilika.

Tuangalie maana yake. Mtu aliyekabidhiwa haki ya uwanja analipwa na wale anaowahukumu, siku ileile, mbele ya macho yao. Akimpa mgeni penalti dakika ya 88, mwenyeji atakumbuka ni nani aliyetoa nauli yake. Akikataa kumpa, mgeni atasema amenunuliwa, na hata kama ni mwadilifu kuliko wote wilayani, mpango wenyewe unamshtaki. Wengi wa watu hawa ni walimu, wengine wana boda boda au kibanda sokoni. Jezi na viatu wananunua wenyewe. Ili wapande daraja, lazima wafanye mtihani wa sheria na wa mbio, na kusafiri kwenda kuufanya ni gharama yao. Mmoja akivunjika mguu uwanjani, hakuna kiwanda cha kumpeleka hospitali. Hao ndio wamezifungua mechi zote tulizowahi kuziangalia, na heshima waliyopewa kwa hesabu ya fedha ni ndogo mno.

Mwaka 2018 Kaunti ya Migori iliuonja uchungu wa jambo hilo mbele ya dunia nzima. Mwamuzi msaidizi kutoka Migori, mwalimu kwa kazi yake, alikuwa amechaguliwa kwenda Kombe la Dunia nchini Urusi, heshima ambayo ni Wakenya wachache sana wamewahi kuikaribia. Siku chache kabla ya mashindano, BBC ikaonyesha picha zilizochukuliwa kwa siri na mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, zikimwonyesha akipokea dola 600. Alijiondoa, na baadaye shirikisho la Afrika, CAF, likamfungia maisha. Kosa lilikuwa lake na adhabu aliipata, sitaki kumtetea. Ninachosema ni kwamba mwamuzi hupanda hadi kileleni kupitia madaraja ambamo, mechi baada ya mechi, amezoezwa kupokea pesa kutoka mkononi mwa mwenye timu. Mpaka kati ya malipo na hongo unapaswa kuwa ukuta. Sisi tumeuchora kwa chaki.

Kwingineko marefa walijijengea ukuta huo wenyewe. Uingereza chama chao kiliundwa mwaka 1908, na tangu mwanzo hakikuhusu sheria za mchezo tu. Kilihusu pia kusaidiana. Marekani kilianzishwa chama cha taifa cha waamuzi wa michezo yote mwaka 1980, nacho kilitanguliwa na jarida lao lililoanza miaka minne kabla, na mojawapo ya faida kubwa kinazompa mwanachama ni bima. Nchini mwao pia waamuzi wengi ni watu wa kazi nyingine, walimu na mafundi, wanaochezesha Jumamosi. Tofauti ni kwamba mara nyingi chama cha eneo lao ndicho kinachowapanga na ndicho kinachosimama kati ya shule au timu na mwamuzi katika jambo la fedha.

Hapa kwetu sheria hairuhusu kisingizio. Chama kikiandikishwa chini ya Sheria ya Vyama, kina wajibu wa kuwa na mweka hazina, kufanya mkutano mkuu kila mwaka, kuwaonyesha wanachama hesabu zilizokaguliwa, na kupeleka taarifa ya mwaka kwa msajili. Sheria ya Michezo ya 2013 ikaongeza ofisi ya Msajili wa Michezo na Mahakama ya Mizozo ya Michezo. Kujipanga kwa fedha si jambo geni kwa mtu wa Nyanza Kusini. Mama muuza omena pale Sori au Mbita ana kikundi chenye daftari, faini kwa anayechelewa, na sanduku lenye kufuli tatu zinazoshikwa na watu watatu. Marefa wa kaunti wangefanya hivyo hivyo. Tuchukue mfano wa kubuni tu: waamuzi 60, kila mmoja akichezesha mechi 20 kwa mwaka na kukatwa shilingi 50 kwa kila mechi. Hizo ni shilingi 60,000. Hazitamlipa mtu mshahara, lakini zitatosha kununua sanduku la dawa na kuwalipia nauli ya mtihani wenye kipaji ambao hawana uwezo. Tena timu zikilipa ada yote ya msimu kwa chama kabla ya ligi kuanza, refa atapokea haki yake kutoka kwa wenzake, na meneja hatakuwa na cha kumkumbusha.

Turudi Awendo, maana mwisho wa SonySugar unaonyesha kwa nini nasisitiza daftari.

Miwa ilianza kuugua polepole. Mwaka 2000 Kenya iliingia katika eneo la biashara huria la COMESA, na kuanzia 2002 ikawa inaomba kinga, mara ikiongezewa muda, mara tena, ili sukari ya bei rahisi isivimeze viwanda vyake. Kinga ilinunua muda, na muda huo haukutumiwa ipasavyo. Madeni yakapanda. Wakulima wakangoja malipo miezi na miezi, na wengine waling'oa miwa wakarudia mahindi na tumbaku. Kisha viwanda vya binafsi vikaja jirani, Transmara upande wa Kilgoris na Sukari Industries kule Ndhiwa, vikaanza kununua miwa ileile iliyokuwa ikingojewa Awendo. Kwa mkulima ilikuwa nafuu, na nani angemlaumu. Kwa kiwanda kilichokuwa kimempa mbegu na mbolea kwa mkopo, ilikuwa jeraha. Na kwa timu ya mpira, isiyokuwa na mlango wa pili wa fedha, ilikuwa kungoja tu.

Mwaka 2017 SuperSport iliondoka, na ruzuku za vilabu zikakatika. Agosti 2019 SportPesa, ikiwa katika mgogoro wa kodi na leseni na serikali, ikasimamisha ufadhili wote wa michezo nchini. Septemba mwaka huohuo Mumias, mkubwa wa ukoo wa sukari, akawekwa chini ya mrasimu. SonySugar iliingia msimu wa 2019/20 ikiwa haina fedha ya kiwanda wala ya ligi. Kutoka Awendo hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na hadi Mombasa ongeza karibu 500. Timu ilishindwa kufika uwanjani, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani. Ikashindwa tena. Kanuni zilisema mara tatu ni basi, na Novemba 2019 mabingwa wa 2006 wakafutwa katika ligi. Msimu uliendelea na timu 17 hadi korona ilipousimamisha, na Gor Mahia wakatangazwa mabingwa Aprili 2020.

Kinachoniuma katika kisa hicho ni jinsi kilivyokuwa kifupi. Taasisi ya miongo kadhaa iliondolewa na kukosekana kwa nauli. Kila aliyeijua timu hiyo, kuanzia mkata miwa hadi mwalimu mkuu, angetoa mia mbili kama angeulizwa mapema na kuonyeshwa hesabu. Lakini mtu huulizwa akiwa mwanachama, na wapenzi wa SonySugar hawakuwahi kufanywa wanachama. Migori Youth, ndugu yake mdogo aliyecheza Ligi ya Taifa daraja la pili, naye amekuwa akiishi kwa mchango wa huyu na ahadi ya yule, hasa majira ya uchaguzi.

Huko juu nako hali ya waamuzi iliporomoka. Mkataba wa KPL ulipokwisha Septemba 2020, shirikisho la FKF lilichukua ligi mikononi mwake likiwa na mfadhili mpya, BetKing, aliyeahidi shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano. Kabla mwaka wa kwanza haujatulia vizuri, 2021, mfadhili akaondoka. Novemba 2021 serikali ikalivunja shirikisho kwa madai ya matumizi mabaya ya fedha, Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na kifungo kikaondolewa mwishoni mwa mwaka huo. Katika misukosuko yote hiyo malalamiko ya marefa kuhusu malipo yaliyochelewa yalikuwa yaleyale, nao waliendelea kujitokeza uwanjani. Wakati huo, ligi za vijijini kusini mwa Nyanza, ambako watu huchanga kabla ya mpira kuanza, hazikusimama kwa kukosa mfadhili. Hazikuwa naye tangu mwanzo.

Ndiyo maana nimesema malipo madogo ndiyo yaliyodumu. Bia, kamari na televisheni kila moja imewahi kuja na kuondoka, hata kiwanda chenyewe si kile tulichokijua: Mei 2025 serikali ilikikodisha kwa Busia Sugar Industry kwa miaka 30, pamoja na viwanda vingine vitatu vya umma vilivyopewa wapangaji wengine. Kilichobaki ni zile hamsini hamsini za pesa za marefa, zinazokusanywa kila wikendi Suna Mashariki na Suna Magharibi, Uriri, Rangwe, Ndhiwa. Fedha hizo ni halisi na ni za watu wenyewe. Zinachokosa ni kitabu.

Viwanja vinajengwa. Homa Bay sasa ina uwanja unaobeba jina la Raila Odinga, na Madaraka ya 2025 iliadhimishwa hapo mbele ya taifa zima. Saruji huvutia wanasiasa, nami nafurahi kuiona, maana watoto wetu wamecheza kwenye mawe vya kutosha. Lakini majukwaa hayo hayatamlipa mshika kibendera, na fungu la kaunti la michezo likipita bila yeye kuwa na chama chenye hesabu safi, hatakuwa na mahali pa kupokelea hata kama yuko anayetaka kumpa.

Kwa hiyo, miaka hii 20 ikisherehekewa, wachezaji wa 2006 waitwe kwa majina, walio hai wapewe viti vya mbele na waliotangulia wasomewe dua. Waitwe pia waamuzi waliochezesha pale Awendo, pamoja na wale wazee waliochezesha mechi za makampuni kabla kamera hazijajua njia ya kuja huku. Na jioni hiyo, watu wakiwa bado wamekusanyika, ufanyike mkutano: waamuzi wa Migori na Homa Bay wachague mweka hazina na wakaguzi wawili wasio marefa, wafungue akaunti yenye saini tatu, na waziandikie timu zote za kaunti kwamba kuanzia msimu ujao ada ya uamuzi italipwa kwa chama, si mkononi mwa refa.